Madaftari ya Pembe: Historia ya Hesabu za Kasongo na Kabambare

Msafiri wa zamani aliyetoka Ujiji, akalivuka ziwa la Tanganyika kwa mashua, akaipa mgongo milima ya ng'ambo na kuishika njia ya machweo, alifika kwanza Kabambare, mahali ambapo misafara ilitua mizigo, ikauguza wagonjwa wake na kuhesabu tena kilichosalia. Kisha, akiendelea mbele, aliingia Kasongo, mji ambao katika robo ya mwisho ya karne ya 19 ulikuwa kitovu cha biashara ya pembe za ndovu katika Maniema, mashariki mwa Kongo. Historia ya miji hii miwili imesimuliwa aghalabu kwa mlio wa bunduki: nani alimshinda nani, na boma lipi lilianguka mwaka gani. Mimi nakusudia kuisimulia kwa mkwaruzo wa kalamu. Nataka kufuata nani alihesabu, alihesabu nini, na zaidi ya yote hesabu yake ilipelekwa kusomwa wapi. Maana tangu siku za misafara hadi leo naona jambo moja likijirudia, nalo ni kwamba hesabu za Kasongo huandikwa Kasongo na huamuliwa kwingine.

Kabla ya daftari hapana budi kuwapo karatasi, na karatasi katika Maniema ya siku zile ilikuwa adimu kuliko pembe. Pembe zenyewe, kwa ushahidi wa David Livingstone, zilitumiwa na wenyeji kuwa miimo ya milango na nguzo za nyumba, kwa kuwa hapakuwa na mnunuzi wa kuzifanya kuwa kitu kingine. Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869, na mwaka uliofuata akalazwa hapo kwa miezi kadhaa na vidonda vya miguu, karatasi zimemwishia na wino umemkauka. Akaanza kuandika shajara yake juu ya makaratasi ya kuokoteza na kurasa za magazeti ya zamani, akikatiza maneno yake juu ya maneno yaliyokwisha kupigwa chapa, kwa wino aliojitengenezea kwa rangi ya mimea ya nchi. Hivyo ndivyo zilivyoandikwa pia habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanyabiashara wa mji wa Nyangwe waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, wengine wakafa kwa bunduki na wengine wakafa maji katika mto Lualaba. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria roho zilizopotea kuwa kati ya 330 na 400. Wino ule ukafifia hata ukakaribia kutoweka, na kurasa hazikusomeka vema mpaka wataalamu wa Marekani na Uingereza walipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuzitoa hadharani mwaka 2011. Ni hesabu ya wafanyabiashara, ila iliyookoka ni ile ya mkono wa mgeni, juu ya gazeti la London.

Nimeitanguliza habari hii kwa makusudi, kwa sababu msomaji anayekwenda kusikia sifa za ustadi wa hesabu za watu wa pwani anastahili kujua tangu mwanzo kwamba daftari la biashara huandika kile kinachouzwa na kinachodaiwa, na hunyamaza juu ya yale mengine. Mizigo iliyobeba utajiri wa Kasongo ilibebwa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao hawakuwa huru.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip, alifika Kasongo yapata mwaka 1875, akawakuta huko watu wa pwani waliomtangulia, na jamaa yake Muhammad bin Said, aitwaye Bwana Nzige, akiwa miongoni mwa wakubwa wa mji. Huyu Hamed alikuwa na kumbukumbu ya hesabu iliyo ajabu. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa mzee katika nyumba yake ya Unguja, alisimulia maisha yake, na masimulizi hayo, ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha huko Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, yamejaa frasila kama vile masimulizi ya mkulima yajaavyo mvua. Anapoeleza jinsi alivyomshinda mtawala Nsama wa Itabwa mwaka 1867, hatosheki kusema kwamba alipata mali nyingi. Asema pembe zilikuwa frasila 1,950 na shaba frasila 700. Ilikuwa imepita miaka 35. Frasila moja ni ratili 35, na mzigo wa mpagazi mmoja ni kiasi cha frasila mbili. Msomaji na apige hesabu mwenyewe ya vichwa vilivyohitajiwa kuichukua mali ile hadi pwani, ndipo atakapofahamu kwa nini tarakimu hizo hazikumtoka yule mzee akilini.

Walakini kumbukumbu ya mtu mmoja haishindani na maandishi ya mwingine bila ya ugomvi. Mwezi wa Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alimkuta Hamed karibu na Kasongo, wakapatana kwamba amsindikize kuufuata mto Lualaba kwa hatua 60 za mwendo. Stanley ameandika kwamba ujira ulikuwa reale 5,000. Hamed asema aliahidiwa 7,000, na kwamba alimwonesha Stanley shehena ya pembe zake ili ajue kuwa kinachomtoa ni hisani wala si tamaa ya reale 7,000. Mapatano ni mamoja, wahusika ni wawili, na tarakimu ni mbili. Mimi sina sababu ya kumsadiki mmoja zaidi ya mwenziwe, ila natambua kwamba vitabu vingi vya Ulaya vimeishika ile ya 5,000 bila kuuliza, na sababu yake ni kuwa ndiyo iliyotangulia kupigwa chapa.

Sasa na tuiache Kasongo kwa kitambo, tuifuate hesabu yake huko ilikokwenda. Mfanyabiashara wa bara hakuwa na mtaji wake mwenyewe, au alikuwa nao mdogo. Alikwenda Unguja kwa tajiri wa Kihindi, akapewa bidhaa kwa mkopo: merikani, yaani nguo isiyopaushwa itokayo Marekani, kaniki, shanga za samisami na za namna nyingine, baruti na bunduki. Akatia mkono katika waraka ulioandikwa mbele ya mashahidi, ukitaja kiasi cha deni, muda wake na kitu cha kulipia, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa pembe zenyewe kwa uzani uliotajwa. Nguo zilihesabiwa kwa gora, kwa doti ya mikono minane na kwa shuka ya mikono minne. Pembe nazo hazikuwa pembe tu: zilipofika forodhani zilipangwa kwa ukubwa, ulaini na soko lake, hii ni bab ulaya ya kwenda kwa Wazungu, ile ni bab kachi ya kwenda Kachi na Bara Hindi, na kila namna ikawa na bei yake. Huu ndio uchambuzi, nao ulifanywa na watu waliokaa chini kwenye majamvi.

Mwenye kumwamini Hamed alikuwa Taria Topan, Khoja wa madhehebu ya Ismailia, aliyeikodi forodha ya Unguja mwaka 1876. Kabla yake forodha ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kachi, kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Utaratibu wa kuikodi forodha unastahili kufahamika, kwa kuwa ndani yake mna siri yote. Sultani hakukusanya ushuru yeye mwenyewe. Alipokea kwa mwaka fedha iliyokatwa, na mwenye kukodi ndiye aliyesimama bandarini, akapima, akaandika, akatoza. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi mfalme wa nchi hakuijua biashara ya nchi yake kama alivyoijua mkodi wa forodha, ambaye madaftari yake yaliandikwa kwa Kigujarati na kufungwa ndani ya sanduku lake. Huyo alijua ni msafara gani umerudi na pembe ngapi, ni tajiri gani amekawia, bei ya Bombay imepanda lini. Na kwa kujua hayo alikopesha huyu, akamnyima yule. Nchi ilikuwa ya Sultani, elimu ya nchi ilikuwa ya mdai wake.

Watu wa kompyuta wa zama zetu wana maneno yao kwa mambo haya. Mmarekani Bill Inmon, wanayemwita baba wa ghala la data, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba ghala la namna hiyo hutambulikana kwa sifa nne: habari hupangwa kwa mambo yanayoihusu kazi, hutiwa katika kipimo kimoja ingawa zimetoka pande nyingi, hushikamana na tarehe zake, na zikishaingia hazifutwi. Nilipozisoma sifa hizo kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu niliona ninasomewa habari za duka la Mhindi wa Forodhani. Mhindi yule alikuwa na daftari la kila siku, ambamo kila jambo liliingia kwa mpango wa kutokea kwake, na alikuwa na daftari la pili la majina, ambamo mambo yale yale yalihamishwa na kuwekwa chini ya jina la mtu au la bidhaa, ili siku akitaka kujua hali ya mdeni fulani asipekue mwaka mzima. Pembe zilizonunuliwa kwa shanga huku na kwa nguo kule, zote ziligeuzwa frasila na reale. Mwaka ulifungwa kwa siku yake, Wabhatia wakiufunga kwa Diwali. Na mstari uliokosewa haukukwanguliwa. Uliandikwa mstari mwingine wa kuurekebisha, ili kosa lenyewe libaki kuwa ushahidi. Kilichoongezwa na kompyuta ni wepesi.

Wepesi, hata hivyo, si kitu kidogo. Hamed aliondoka Unguja mwaka 1870 na hakurudi mpaka mwishoni mwa 1882. Miaka 12 hesabu yake na Taria ilibaki wazi, haikufungwa! Katika muda huo barua zilisafiri kwa miezi mingi kutoka pwani hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji, zikavuka ziwa, zikapita Kabambare, ndipo zikafika Kasongo. Na miongoni mwazo zilikuwamo barua za Taria na za Sultani Seyyid Barghash zikimwita arejee. Bei iliyoandikwa katika barua ilikuwa imekwisha kubadilika siku barua ilipofunguliwa. Kwa hiyo mtu wa Kasongo alifanya biashara kama mvuvi atupaye nyavu gizani, na mtu wa Unguja alikopesha kwa kuitazama tabia ya mtu kuliko kuitazama hesabu yake. Waliojenga mali katika hali hii walikuwa hodari. Waliofilisika katika hali hii walikuwa wengi.

Kisha ikaja vita. Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilimfanya Hamed kuwa wali wa Stanley Falls kwa mkataba wa Februari 1887, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na miaka mitano baadaye ilikuwa ikipigana na mwanawe Sefu. Jeshi la Dola hiyo, likiongozwa na Dhanis, liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1897 jinsi walivyostaajabu: vitanda vya nakshi na magodoro ya hariri na atilasi, vinara vya fedha, vyombo vya kioo, sukari, mishumaa, maghala ya nafaka, mashamba na bustani za matunda. Hakuna aliyestaajabia madaftari. Sefu aliuawa mwaka huo huo wa 1893. Mwezi wa Januari 1894 mfanyabiashara mwingine wa pwani, Rumaliza, aitwaye kwa jina lake Muhammad bin Khalfan el-Barwani, alishindwa, na Kabambare nayo ikatwaliwa. Rumaliza akatokea baadaye kwa Wajerumani, akamdai Hamed kwa madai kwamba walikuwa washirika, akazipata mali za Hamed zilizokuwa upande wa Mrima. Hilo ni shauri ambalo daftari moja la ushirika, lililoandikwa vema na kutiwa mikono, lingalilimaliza kwa asubuhi moja.

Baadhi ya makaratasi ya watu wale hayakupotea. Barua na hati za Kiarabu, na za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilichukuliwa na maofisa zikaishia katika hifadhi za Ubelgiji, na mwanazuoni Xavier Luffin wa Brussels amejitahidi kuzisoma na kuzichapisha zile za miaka ya 1880 hadi 1899. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini anayetaka kuijua Kasongo kwa maneno ya watu wa wakati ule hana budi kwenda Brussels.

Pembe sasa ziligeuza njia. Badala ya kupita Kabambare kwenda mashariki, ziliteremka na mto kwenda magharibi, na Antwerp ikawa soko kubwa la pembe duniani. Ndipo likatokea jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa mfano bora wa uchambuzi wa biashara katika historia yote ya Kongo, na aliyelifanya hakuwa ameiona Kongo hata siku moja. E. D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, naye alitumwa mara kwa mara Antwerp kuangalia shehena. Mwishoni mwa miaka ya 1890 akazilinganisha hesabu za meli zilizokuja na za meli zilizokwenda. Zilizokuja zilijaa mpira na pembe za thamani kubwa. Zilizokwenda zilichukua, kwa sehemu kubwa, bunduki, baruti na vitu vya maofisa. Bidhaa za kuwalipa watu waliotoa mpira na pembe hizo hazikuonekana. Kila daftari peke yake lilikuwa safi, lenye mihuri yake. Yalipowekwa ubavuni mwa mengine yakatamka neno ambalo hakuna aliyekusudia kuliandika: kwamba watu wale hawalipwi, wanalazimishwa. Morel akaacha kazi, akaanza kuandika, na mwaka 1904 ikaundwa jumuiya ya kudai mageuzi ya Kongo. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi milki yake kwa serikali ya Ubelgiji.

Serikali hiyo nayo ilipenda kuhesabu. Mwaka 1917 ikakifanya kilimo cha pamba kuwa lazima, na tangu hapo mkulima wa Maniema akapimiwa shamba, akaandikwa jina, akapimiwa gunia, akalipwa bei iliyopangwa bila yeye. Juu ya hayo sina haja ya kukawia.

Nataka kukawia kidogo juu ya jambo jingine, ambalo si la biashara, ila ni la hesabu, nalo linaipa Kasongo sifa ambayo watu wake wengi hawaijui. Mapema katika miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp iliianzisha pamoja na wenyeji kazi iliyojulikana kuwa Mradi wa Kasongo: zahanati zenye eneo lake maalumu, hospitali moja ya kuzitegemeza, na faili za wagonjwa zilizowekwa kwa utaratibu, ili mwuguzi akifungua faili ajue ni nani aliyepaswa kurudi na hakurudi. Tofauti yake na yote niliyoyasimulia ni kwamba kwa mara ya kwanza hesabu ilisomwa mahali ilipoandikwa, na mtu yule yule aliyeiandika, na kwa ajili ya kazi ya kesho yake.

Hata hivyo nayo ilisafiri. Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti wa timu ya Kasongo juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa walikufa wachache; lakini waandishi walionelea kwamba faida ilipungua jinsi umri ulivyosonga, kana kwamba mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua alichukuliwa baadaye na maradhi mengine. Ukazuka mjadala mkubwa. Peter Aaby, Mdenmark aliyefanya kazi Guinea-Bissau, hakukubali, na mwaka 1995 yeye na wenziwe wakazirejea tarakimu za Zaire pamoja na za nchi nyingine, wakahitimisha kwamba chanjo ilipunguza vifo kuliko surua yenyewe ilivyoweza kueleza. Faili ni zile zile, watoto ni wale wale. Aliyeuliza swali la kwanza alipata jibu moja, na aliyeuliza la pili alipata jingine, na kati ya majibu hayo mawili palikuwapo uamuzi wa kununua chanjo au kutoinunua.

Leo mwuza mchele wa Kasongo, zao ambalo watu wa pwani walilipanda huko na ambalo bado ni fahari ya wilaya ile, hutuma na kupokea fedha kwa simu, na kila atumapo huongeza mstari mmoja katika ghala la data la kampuni lililo mbali naye sana. Kampuni yajua ni mwezi gani Kabambare hununua zaidi na ni siku gani fedha hupanda kutoka migodini. Mwuza mchele ana daftari lake la shule lenye kurasa 48, lililolowa pembe moja kwa mvua, ambamo ameandika wadeni wake.

Basi ewe msomaji, ikiwa katika sanduku la marehemu babu yako, huko Kasongo au Kabambare, limesalia daftari au kipande cha waraka wa herufi za Kiarabu, usikifanye cha kufungia karanga. Mwite mwalimu wa chuoni akusomee, uandike pembeni tarehe, jina la mji na majina ya watu waliotajwa, kisha ukirudishe sandukuni mwako, kikae hapo hapo Maniema.